Pampu Inapolia na Boila Inapotoa Povu: Utatuzi wa Matatizo ya Mitambo katika Viwanda vya Unguja na Pemba

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi na waendeshaji wa mitambo katika viwanda vidogo na vya kati vya Unguja na Pemba: vya maji ya chupa, barafu, sabuni, kusaga mwani, na vile vinavyokeneka mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) kwa mvuke. Umepangwa kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo inayomfikia mwendeshaji kabla ya kitu chengine chochote. Chini ya kila dalili, sababu zinaanza na ile inayoonekana mara nyingi, na ukaguzi usiohitaji spana unatangulia ule wa kufungua mashine.

Jambo moja linapita katika kurasa zote: kifaa kilichokufa kisibadilishwe mpaka ijulikane kilichokiua. Viwandani kwetu fedha nyingi inatumika kununua beringi, sili (vizuizi vya uvujaji kwenye shafti) na mota mpya za kuwekwa juu ya kosa lile lile la zamani.

Mazingira yetu yana maadui watatu ambao vitabu vya watengenezaji, vilivyoandikwa kwa nchi za baridi, aghalabu haviwataji kwa uzito unaostahiki. Wa kwanza ni hewa ya chumvi, inayoingia hadi ndani ya sanduku la mota, iwe ni kaskazi au kusi. Wa pili ni maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, yenye chokaa nyingi na, karibu na pwani, chumvi ya bahari. Wa tatu ni umeme. Unguja inaupata kwa nyaya zinazopita chini ya bahari kutoka Ras Kilomoni hadi Fumba, na Pemba inaupata kutoka Tanga kwa waya uliozinduliwa mwaka 2010. Waliokuwa na viwanda Unguja hawajasahau giza la Mei 2008, wala lile lililoanza Disemba 2009 likaendelea hadi mwaka 2010. Tangu hapo majenereta yamekuwa mengi, na kila badilisho kati ya jenereta na umeme wa shirika ni nafasi ya tatizo kuingia.

Kabla ya kugusa mashine yoyote

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu ya mashine hiyo, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule atakayeingiza mikono. Kuzima kwenye kitufe pekee hakutoshi, kwa sababu pampu nyingi zinaanzishwa na boya la tangi au na swichi ya shinikizo bila ya mtu kuwepo. Baada ya kufuli, pima kwa mita kwamba fezi zote tatu hazina umeme. Kwa mabomba, hakikisha geji imeshuka hadi sifuri na koki ya kumwagia imefunguliwa, kwani geji yenyewe inaweza kuwa imeziba.

Dalili: pampu inazunguka, maji hayaji au ni kidogo

Anza na upande wa kunyonya, maana huko ndiko matatizo mengi ya pampu za kawaida yanakozaliwa. Chujio lililoziba kwa mchanga, majani au vipande vya chokaa ni sababu ya kwanza. Ya pili ni hewa inayoingia kwenye maungio ya bomba la kunyonya. Hapo hutaona uvujaji, kwa sababu bomba linavuta hewa ndani na halitoi maji nje. Paka maji ya sabuni kwenye maungio pampu ikiwa inafanya kazi, na mahali ambapo povu linanyonywa ndipo penye tundu. Ya tatu ni maji kushuka kisimani wakati wa kiangazi. Kinadharia, hewa ya usawa wa bahari inaweza kusukuma maji juu kwa takriban mita 10, lakini pampu iliyowekwa juu ya ardhi haifai kutegemewa kunyonya kutoka kina cha zaidi ya mita 6 au 7. Maji yakishuka chini ya hapo, pampu si mbovu. Imepewa kazi isiyoiweza.

Kama tatizo limeanza siku ambayo jenereta liliunganishwa, stata (swichi ya kuwashia mota) ilibadilishwa au waya ulirudishwa baada ya matengenezo, tazama mshale wa mzunguko. Fezi mbili zikipishana, mota inazunguka kinyume, na pampu ya impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji) itaendelea kutoa maji, ila machache na kwa shinikizo dogo. Hilo ndilo linalowapoteza watu: kwa kuwa maji yanatoka, hakuna anayefikiria mzunguko. Washa mota kwa nukta (sekunde) moja, uzime, kisha tazama feni ya nyuma ikizunguka polepole hadi isimame.

Ukisikia sauti ya kokoto zinazosagwa ndani ya pampu, na ndani yake hamna kokoto, maji yanachemka kwenye jicho la impela kwa kukosa shinikizo, na mapovu yanapasuka juu ya chuma na kukimega kidogo kidogo. Zipo sababu zile zile za upande wa kunyonya, na juu yake ipo moja inayohusu maji ya moto. Pampu inayolisha boila kwa maji ya nyuzi 80 au 90 haiwezi kunyonya kutoka tangi lililo chini yake. Tangi sharti liwe juu ya pampu, kwa urefu anaoutaka mtengenezaji.

Yakiwa yote hayo ni sawa, ndipo ushuku impela iliyolika. Funga valvu ya upande wa kutoa kwa muda usiozidi nusu dakika, usome shinikizo, ulinganishe na namba ya mtengenezaji au na namba uliyoiandika pampu ilipokuwa mpya. Shinikizo likiwa chini sana, fungua pampu. Tahadhari: jaribio hili ni la pampu za impela tu. Kwenye pampu ya meno, ya skrubu au ya pistoni, kufunga valvu ya kutoa kunaweza kupasua bomba au kasha la pampu papo hapo.

Dalili: beringi inapata moto, inalia au inatikisika

Kiganja si kipimajoto. Chuma cha nyuzi 60 kinamfanya mtu aondoe mkono, ilhali beringi nyingi zinafanya kazi salama kwenye joto hilo. Tumia kipimajoto cha miale, kila mara ukielekeza mahali pale pale, na uandike. Ikipita nyuzi 80, tafuta sababu. Ikipita 95, au joto likipanda bila ya kutulia, zima mashine.

Sababu inayoongoza ni grisi, na mara nyingi kosa ni kuzidi. Mwendeshaji anasikia beringi inalia, anachukua pampu ya grisi, anapiga mpaka inatoka pembeni, na sauti inapotea kwa siku mbili tatu. Nafasi ya wazi ndani ya beringi inatakiwa ijazwe thuluthi moja hadi nusu. Ikijaa yote, mipira ya chuma iliyo ndani yake inakoroga grisi badala ya kubiringika, joto linapanda, mafuta yanajitenga na sabuni inayoyashika ndani ya grisi, na sili inasukumwa nje. Joto kupanda kwa saa chache baada ya kutia grisi ni kawaida; lisiposhuka, grisi imezidi. Kosa jengine ni kuchanganya aina. Grisi ya lithiamu na ile ya poliurea, ambayo huwekwa kiwandani kwenye mota nyingi, zikikutana zinaweza kulainika na kumwagika zote mbili. Andika aina ya grisi kwa rangi juu ya mashine yenyewe, pasipofutika.

Chukua kidogo ya grisi iliyotoka, uipake juu ya karatasi nyeupe. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Ikimetameta kwa vumbi la chuma, beringi imeshaanza kulika. Ikiwa nyeusi na ngumu, imepikwa. Ikikwaruza kati ya vidole, ni mchanga, na suala linahamia kwenye sili au kwenye chombo cha kuhifadhia grisi kilichoachwa wazi.

Sababu ya pili ni shafti mbili zisizokuwa katika mstari mmoja. Ukaguzi mwepesi ni kuweka rula ya chuma juu ya kaplingi (kiungo cha shafti ya mota na ya pampu) katika pande nne na kupima nafasi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), lakini hiyo ni hatua ya kwanza tu. Kwa mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika, hitilafu inayovumilika ni takriban sehemu 5 za mia za milimita, na jicho halioni kiasi hicho. Pampu za maji ya moto zina ziada yake: chuma kinarefuka karibu milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Pampu ambayo kitovu cha shafti yake kiko sentimita 20 juu ya msingi, ikipanda nyuzi 60, inainuka kwa milimita 0.14 hivi, yaani karibu mara tatu ya kiasi kinachovumilika. Aliyeinyoosha ikiwa baridi bila ya kulihesabu hilo ameinyoosha kwa ajili ya siku ambazo haifanyi kazi.

Kuna kisa cha kiwanda kimoja ambapo pampu ya maji ilikuwa inakula beringi ya upande wa kaplingi kila baada ya muda mfupi. Mwendeshaji alikuwa na jibu lake: “Fundi, hizi beringi za dukani siku hizi ni feki.” Beringi feki zipo kweli, na alama zilizochapwa ovyo au boksi lenye maandishi yaliyokosewa ni sababu ya kuirudisha. Lakini hapa bolti za flanji ya kutolea zilipolegezwa, bomba liliruka pembeni kwa upana wa kidole. Lilikuwa limevutwa kwa nguvu ili lifike kwenye pampu, na tangu siku hiyo lilikuwa linaivuta pampu kutoka kwenye mstari. Bomba lilikatwa na kuungwa upya likiwa na nguzo yake lenyewe, na beringi ya aina ile ile, ya duka lile lile, ilikaa. Kwa hiyo, kila unaponyoosha shafti, legeza flanji kwanza uone bomba linakwenda wapi.

Baada ya hapo tazama miguu ya mota. Legeza bolti moja huku geji ikiwa juu ya mguu huo. Ukiinuka zaidi ya sehemu 5 za mia za milimita, msingi hauko sawa au shimu (vibati vya kusawazishia mguu) zimeliwa na kutu, na kila ukikaza unalipinda kasha la mota. Shimu za pwani ziwe za chuma kisichoshika kutu, na zisizidi tatu au nne chini ya mguu mmoja.

Sababu za nadra zaidi ni mkanda uliokazwa kupita kiasi, ukoko wa chokaa ulioganda upande mmoja wa impela na kuiondolea ulinganifu, na beringi iliyogongwa kwa nyundo wakati wa kuvishwa. Mota inayoendeshwa na invata (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota) ina la kwake: umeme mdogo unaweza kupita kwenye shafti na kuchora ndani ya njia ya mipira mistari iliyolingana, iliyosimama kimkato. Ukiikuta mistari hiyo, kubadilisha beringi peke yake hakutafaa. Inahitajika beringi yenye insulesheni (kizuia umeme) au brashi ya kupeleka umeme ardhini, na hiyo ni kazi ya fundi umeme anayeielewa invata.

Pampu ya akiba, inayokaa bila ya kazi pembeni mwa inayofanya kazi, nayo inakufa. Mtikisiko wa jirani yake unagongesha mipira mahali pamoja hadi ichimbe vishimo. Izungushwe kwa mkono kila wiki na kuachwa katika pembe tofauti, au zipokezane zamu.

Simamisha na uite mtaalamu ikiwa mtikisiko umeongezeka kwa ghafla, ukisikia chuma kinagonga chuma, au ikiwa mashine ni kubwa kiasi ambacho kuharibika kwake kunasimamisha kiwanda kizima.

Dalili: shafti inavuja

Kama pampu yako inatumia pakingi ya kamba, tone moja moja kwa kila nukta ni sawa na ni lazima, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayoipoza. Anayeikaza mpaka ikauke anaiunguza pakingi na kuichimba shafti.

Sili ya kimekanika ni jambo tofauti. Hiyo haitakiwi kudondosha. Inakufa kwanza kwa kukimbizwa bila ya maji, hata kwa dakika chache baada ya umeme kurudi na pampu kuwaka peke yake ilhali tangi ni tupu. Swichi ya kuzuia pampu isiwake bila ya maji inagharimu kidogo kuliko sili moja. Halafu ipo chokaa inayoganda kati ya nyuso za sili pampu inapokaa na kukauka, na baada yake shafti isiyonyooka.

Viwanda vya makonyo vinahitaji uangalifu wa aina yake. Mafuta ya karafuu yamejaa kemikali ya yujinoli, nayo inavimbisha na kulainisha mipira mingi ya kawaida. Gasketi ya mpira iliyotoka kwenye kipozeo cha mafuta hayo, ukiibonyeza kwa ukucha, alama inabaki. Imekuwa nene kuliko ilivyonunuliwa, na haikai tena kwenye mfereji wake. Gasketi na pete za sehemu zinazogusana na mafuta ziwe za tefloni. Na kwa kuwa mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji na yanazama chini ya chombo cha kutenganishia, koki ya chini ndiyo inayohitaji gasketi bora kuliko zote. Uvujaji wa hapo ni bidhaa inayomwagika.

Dalili: mota inanguruma bila kuanza, au inajikata

Zima mara moja. Mota ya fezi tatu iliyokosa fezi moja inanguruma, haizunguki, na inaungua kwa muda mfupi mno. Ikiwa ilikuwa tayari inazunguka fezi ilipopotea, itaendelea kuzunguka, ikivuta umeme mwingi katika fezi mbili zilizobaki. Kagua fyuzi kwa mita, si kwa macho. Kisha fungua stata utazame ncha za kontakta. Kwa hewa yetu ya chumvi ncha moja inaweza kuwa imeliwa huku mbili zikiwa nzima.

Fezi zikiwepo zote, pima volti kati ya kila mbili. Tuseme umepata 400, 392 na 381. Wastani ni 391, na iliyo mbali zaidi na wastani imepungua kwa 10, ambayo ni asilimia 2.6 hivi. Kiasi kinaonekana kidogo, lakini joto la ziada ndani ya mota linakwenda kwa takriban mara mbili ya mraba wa asilimia hiyo, kwa hiyo hapa ni karibu asilimia 13. Na kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango cha insulesheni zinapunguza umri wake kwa nusu. Ikifika asilimia 5, mota isiendeshwe. Sababu ikiwa ndani ya kiwanda, aghalabu ni mashine za fezi moja zilizorundikwa kwenye fezi moja, zigawe. Ikiwa inatoka kwenye laini, andika vipimo kwa saa na siku, uvipeleke kwa shirika la umeme.

Ovalodi (kikata umeme kinacholinda mota isizidiwe) ikijikata, usiipandishe juu ya ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Kupandisha kunaondoa kelele ya mlinzi, na mwizi anabaki ndani.

Mota iliyokaa bila kazi wakati wa masika ipimwe insulesheni kwa mega (mita ya kupimia insulesheni) ya volti 500 kabla ya kuwashwa, invata ikiwa imetenganishwa. Kwa mota ndogo za kisasa, chini ya megaomu 5 usiwashe. Ikaushe kwanza, upime tena. Isipopanda, ni ya kupelekwa kwa mfungaji mota.

Dalili: maji ya boila hayaonekani kwenye kioo

Hapa hakuna mjadala na hakuna haraka ya uzalishaji. Zima moto. Kwa boila ya dizeli ni kuzima bana (kichomeo). Kwa boila ya kuni, zima feni, funga milango ya hewa, na ufunike makaa kwa majivu au mchanga mkavu. Usitie maji, hata kidogo: chuma kilichokauka na kuwa chekundu kikiguswa na maji baridi kinaweza kupasuka, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida inachukua nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Usifungue valvu kubwa ya mvuke wala usiinue ile ya usalama. Waondoe watu, iache boila ipoe yenyewe, na isiwashwe tena mpaka mkaguzi aliyeidhinishwa aone ndani.

Sababu za maji kupotea ni pampu ya kulishia iliyoshindwa, chujio lililoziba, tangi lililokauka, au swichi ya boya iliyoganda kwa ukoko wa chokaa. Hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote kwa kuwa inadanganya. Kila zamu pulizia kioo na chumba cha boya, yaani fungua koki zao za chini kidogo, uone maji yanashuka na kurudi kwa kasi. Yakirudi polepole, njia inaziba, na kiwango unachokiona si cha kweli.

Dalili: boila inatoa povu, au mvuke una maji

Maji kwenye kioo yanarukaruka na mvuke unafika ukiwa mchafu. Kwanza ni chumvi zilizoyeyuka kuzidi kwa kutomwagwa maji ya chini vya kutosha. Hapa mafundi wengi wanadanganyika na kilainisha maji. Kifaa hicho kinaondoa chokaa na kuweka sodiamu mahali pake; jumla ya chumvi iliyoyeyuka haipungui. Kisima cha karibu na pwani kinaweza kutoa maji yanayopimwa kuwa laini kabisa na bado yakatoa povu ndani ya boila. Pima chumvi zilizoyeyuka kwa mita ndogo ya mkononi, na umwage kwa mujibu wa kipimo, si kwa mazoea. Pili ni kuendesha boila kwa shinikizo la chini kuliko iliyoundiwa, au kuufungulia mvuke mwingi kwa ghafla. Tatu, na hili ni la viwanda vya mafuta, ni koili iliyotoboka ikairudisha bidhaa pamoja na maji ya mvuke. Maji yanayorudi yakinukia karafuu, yaelekeze nje ya tangi la kulishia mara moja.

Ikiwa badala ya povu unaona kuni au dizeli inakwenda zaidi kwa mvuke ule ule, na moshi unatoka kwenye bomba ukiwa na joto kuliko zamani, mabomba yameshika masizi upande wa moto au ukoko upande wa maji. Masizi unayaondoa mwenyewe kwa brashi. Ukoko unaonyesha kwamba kilainisha maji kimeshindwa: pima ugumu wa maji kila zamu, na uone kama chumvi ya kukisafishia ilitiwa. Kuusafisha kwa asidi ni kazi ya mtaalamu, kwa kuwa asidi isiyo na kizuizi chake inakula chuma chenyewe na inatoa haidrojeni, gesi inayoripuka.

Valvu ya usalama inayotoa mvuke kidogo kidogo ina uchafu kwenye kalio lake, au boila inaendeshwa karibu mno na shinikizo la kufungukia. Haizibwi, haitundikwi uzito, springi yake haikazwi na mtu wa kiwandani. Inabadilishwa kwa nyengine iliyopimwa na kutiwa lakiri. Atakayekuamuru vyenginevyo, mwajiri au msimamizi, kataa. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu mwaka 2005.

Dalili: bomba la mvuke linagonga

Maji yamelala ndani ya bomba na mvuke unayasukuma kwa kasi. Sitisha kufungua, rudisha valvu polepole, mwaga maji kwenye koki za chini, kisha anza tena taratibu. Likirudi, tazama kama trepu ya mvuke (valvu inayotoa maji na kuuzuia mvuke) imeziba au kama bomba limelegea katikati ya nguzo mbili. Linatakiwa kuinama kuelekea mvuke unakokwenda, takriban sentimita moja kwa kila mita. Mgongano wa namna hii umewahi kupasua valvu za chuma cha kutupwa katika viwanda vingi duniani, kwa hiyo usiuzowee.

Dalili: kompresa haijazi tangi

Sikiliza uvujaji kiwanda kikiwa kimya. Tundu la milimita 3 kwa shinikizo la baa 7 linapoteza kiasi cha lita 10 za hewa kwa nukta. Kisha chujio la hewa, mkanda, na mwisho valvu za kichwani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, hivyo maji ya chini ya tangi yamwagwe kila siku. Yakitoka na rangi ya kutu nyingi, tangi linalika kwa ndani na lipimwe unene kabla ya kuendelea.

Dalili: madoa ya kutu au unyevu kwenye bomba lililofunikwa

Sufi ya kuzuia joto ikipata mpasuko, mvua na chumvi vinaingia na kukaa dhidi ya chuma chenye joto, na bomba linalika pasipo mtu kuliona. Tazama kwanza chini ya viungo, kwenye vituo vya nguzo, na pale bati la kufunikia lilipokanyagwa. Usigonge kwa nyundo wala kukwangua kutu bomba likiwa na shinikizo: kutu hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyobaki kuziba tundu. Ondoa mvuke, lipoe, ndipo ufunue.

Chuma kisichoshika kutu hakina kinga kamili. Kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 60 hivi na chumvi juu yake, kinaweza kupata nyufa nyembamba zinazotawi, huku uso wake ukiendelea kung'aa. Nyufa hizo huonyeshwa na rangi maalumu ya kupenya, na unene wa bomba la chuma cha kawaida hupimwa kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Weka alama za rangi mahali panapopimwa, ili mwakani papimwe pale pale na tofauti ijulikane. Likikutwa bomba limepungua chini ya unene uliosanifiwa, lisivalishwe kiraka cha kulehemu wala kibano. Litengwe kwa valvu na kipande kipya kiungwe na mchomeleaji mwenye cheti cha kazi za shinikizo, kisha mstari mzima ujaribiwe kwa maji kabla ya mvuke kurudishwa.